Kufiwa na Bibi: Mwongozo Kamili Kuanzia Siku ya Msiba Hadi Mwaka wa Kwanza

Mzee akifariki, pole za watu huja zimechanganyika na shukrani. "Kala chumvi nyingi." "Kaacha vitukuu, tumshukuru Mungu." Wanaosema hivyo wana nia njema, na umri mrefu ni neema kweli. Lakini mjukuu aliyelelewa na bibi, aliyelala kitanda kimoja naye mpaka alipoanza shule, hapozwi na hesabu ya miaka.

Na kwa kuwa msiba wa mzee haumshtui mtu, mara nyingi huendeshwa haraka haraka. Wasifu unasomwa dakika mbili, watu wanakula, turubai linashushwa. Miezi michache baadaye mtoto anauliza bibi alizaliwa wapi, na wakubwa wanatazamana.

Mwongozo huu una jambo moja kubwa la kukuambia: siku za matanga ndizo pekee ambapo watu wote waliomjua bibi, kila mmoja kwa kipande chake, wanakaa kwenye mkeka mmoja. Kuna aliyecheza naye utotoni, aliyeolewa naye nyumba moja, aliyeuza naye sokoni na aliyemwogesha alipokuwa hawezi tena. Wakitawanyika, hawakusanyiki tena hivyo. Kwa hiyo kumlilia na kumkumbuka si kazi mbili za kufanywa kwa nyakati mbili. Zianze pamoja, siku ile ile.

Nimeandika nikiwa na familia za Tanzania akilini, hasa za Tanga na mwambao, ambako nyumba moja hukutana na Waislamu na Wakristo. Kwenu kukiwa na mila nyingine, zifuateni. Mengi ya humu yatazifaa.

Hatua ya kwanza: saa za mwanzo

Kabla ya tangazo lolote kwenye makundi ya simu, kaeni wawili watatu mpange nani aambiwe kwanza na nani ampelekee habari. Babu, kama yuko hai, ndiye wa kwanza. Wafuate ndugu zake bibi wa tumbo moja, kisha watoto wake. Wazee wenzake wasiambiwe kwa simu. Atumwe mtu, aingie, asalimie, aketi, ndipo aseme. Mjukuu mwenye haraka akiweka picha ya mshumaa kwenye simu yake, dada yake bibi anaweza kuipata habari hiyo kwa jirani, na uchungu wa namna hiyo hudumu miaka.

Upande wa karatasi ni mfupi. Akifia hospitali, hospitali itatoa kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wapewe taarifa, nao wataelekeza. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti hutolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Angalia mapema kama jina lake kwenye kitambulisho linafanana na majina ya kwenye hati za kiwanja, kadi ya benki na vyeti vya watoto. Wazee wengi wana majina tofauti kwenye kila karatasi, na hilo huja kusumbua wakati wa mirathi.

Vitu vitatu vya bibi vishikwe na mtu mmoja mwaminifu tangu siku hiyo: simu yake, pochi au mkoba wake, na daftari lolote lenye hesabu. Kina bibi wengi ni wanachama wa kikoba, wa mchezo, au wa kikundi cha kufa na kuzikana. Wengine ndio waweka hazina. Fedha za watu zikiwa chini ya godoro, zitambulike na zikabidhiwe mbele ya mashahidi, ili jina lake lisije kutajwa vibaya. Tangazo la siku ya kuzika, lile la "anayemdai au anayedaiwa na marehemu ajitokeze kwa familia," lisemwe kwa uzito na jina la wa kumwona litajwe.

Kwa Waislamu, bibi huoshwa na wanawake. Mumewe naye anaruhusiwa. Sanda ya mwanamke ina vipande vitano, wakati ya mwanamume ni vitatu. Kama wewe ni mjukuu wa kike mtu mzima na moyo wako unaweza, omba kuwamo, hata kama ni kwa kumimina maji tu. Wengi waliofanya hivyo huniambia kwamba huzuni yao ilipata pa kushika. Yaliyoonekana chumbani humo hayasimuliwi nje. Kaburini, wanaoteremsha mwili wa mwanamke ni maharimu zake, yaani jamaa wa kiume wasioweza kumwoa, na shuka hutandazwa juu ya kaburi wakati wa kumshusha. Wajukuu wa kiume wajulishwe mapema nani ataingia, wasije wakasukumana pale ukingoni.

Hatua ya pili: gawaneni kazi, na muongeze kazi mbili

Kamati ya mazishi mnaijua: mwenyekiti, mweka hazina, daftari la rambirambi, usafiri, chakula, turubai na viti. Siongezi neno hapo, ila hili: makusanyo yahesabiwe na watu wawili kila jioni, na hesabu isomwe kwa wafiwa.

Kazi mbili ambazo kamati nyingi husahau ni hizi. Ya kwanza ni mtu wa babu. Awe kijana mtulivu ambaye kazi yake ni kukaa karibu na mzee, kuhakikisha anakula na kunywa dawa zake kwa saa, na kumwondoa pale watu wanapomzidi. Ya pili ni mwenye daftari la bibi. Kazi yake nimeitengea hatua nzima, kwa sababu ndiyo itakayobaki pilau ikishaliwa.

Hatua ya tatu: daftari la bibi

Chukua daftari la kawaida la shule na kalamu. Simu ya kurekodia nayo ni nzuri, ila iwekwe wazi mkekani na uombe ruhusa kwanza. Wakati mzuri ni usiku, watu wameshakula, kahawa inazunguka na wanaolala msibani wamejinyoosha. Hapo wazee hufunguka wenyewe.

Usiulize, "Tueleze kuhusu marehemu." Utajibiwa kwamba alikuwa mtu wa watu, nawe utaandika sentensi ile ile mara ishirini. Uliza vitu. Alikuwa akiamka saa ngapi? Akikasirika alikuwa anafanyaje? Aliogopa nini? Nani alimkopesha mtaji wa kwanza? Alitaka kuolewa na huyu, au palikuwa na mwingine?

Kila mtu muulize cha kwake:

- Ndugu wa tumbo moja: nyumba waliyokulia ilikuwa wapi, baba yao alifanya kazi gani, nani alifariki wakiwa wadogo, bibi aliitwaje utotoni.
- Shoga zake: walijuana vipi, ngoma gani alikuwa haikosi, aliuza nini, waliwahi kugombana kwa nini. Ya unyagoni usiyadodose. Inatosha kujua kungwi wake alikuwa nani.
- Wifi na wake wenzake: aliingia vipi nyumba ile, mahari ilikuwa nini, alipokewaje.
- Mama wa genge, muuza samaki, fundi cherehani: hao wanajua alichopenda kuliko hata watoto wake.

Kisha majina. Mwanamke wa umri wake hubeba majina mengi: la nyumbani, la ubatizo au la chuoni, la ukoo wa baba, alilopewa ukweni, na la mtoto wake wa kwanza. Wapo kina bibi walioitwa Mama Fulani kwa miaka zaidi ya hamsini, hata jirani wa ukuta kwa ukuta akasikia jina lao halisi tanzia iliposomwa. Yaandike yote, na nani alimwita hivyo.

Tarehe nazo zina njia yake. Wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioko kwenye kitambulisho umekadiriwa. Usiuchukue kama ulivyo. Yafunge maisha yake kwenye matukio ambayo kila mtu anayakumbuka: Vita ya Pili ya Dunia kumalizika mwaka 1945, Uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha Februari 1967, mwaka 1970 uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, kuhamishiwa vijijini kati ya 1973 na 1976, Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na ile miaka ya foleni mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipokula unga wa njano wakauita unga wa Yanga. Dada yake akikwambia, "Uhuru ulipokuja alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine anatembea," na ukajua aliolewa mara tu alipotoka ndani alikowekwa mwali, basi unaweza kukadiria kwamba alizaliwa karibu na 1940. Kama alikuwa anasoma kisomo cha watu wazima, muulize aliyesoma naye: darasa lilikuwa chini ya mti gani, na bibi aliandika nini siku ya kwanza alipoweza kuandika.

Kwa familia za Tanga, msiache kuuliza habari za mkonge. Wazazi wa kina bibi wengi walikuja kama manamba kutoka Songea, Kigoma, Burundi au Msumbiji, wakakaa kwenye kambi za mashamba, na watoto wao wakakua wakijiita watu wa Tanga. Uliza ni shamba gani, kambi gani, na lugha gani bibi alikuwa akiongea na mama yake wakiwa peke yao. Swali hilo la mwisho ndilo lililowafungulia watu ninaowafahamu ukoo mzima upande wa pili wa nchi.

Utasikia pia mambo mazito: ndoa ya kwanza isiyotajwa, mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, ugomvi wa shamba. Andika, lakini kwenye ukurasa wake, na usisome hadharani. Uamuzi wa kufanya nini na kurasa hizo ni wa watoto wa bibi, wakiwa wametulia, na si wa msibani.

Hatua ya nne: wasifu

Ukurasa mmoja, maneno kama 400, dakika nne za kusoma taratibu. Huko kwa Wakristo husomwa kwenye ibada ya mazishi. Kwa Waislamu, ambako mazishi huwa mapema na hayana nafasi hiyo, usomeni usiku wa matanga au siku ya hitima.

Wasifu mwingi huharibika sehemu mbili. Kwanza, ugonjwa hula nusu ya karatasi: tarehe aliyolazwa, hospitali aliyohamishiwa, vipimo. Bibi aliishi miaka themanini na kuugua miezi minane; ugonjwa upewe sentensi moja au mbili. Pili, sifa zisizo na uso. Linganisha:

"Marehemu alikuwa mkarimu na mpenda watoto."

"Mlango wake wa uani haukufungwa mchana. Mwanafunzi aliyepita akitoka shule alikuta kikombe cha uji, na hakuulizwa ni mtoto wa nani."

Ya pili imetoka kwenye daftari. Hiyo ndiyo sababu daftari linatangulia wasifu.

Watajeni watoto wote, pamoja na waliofariki wachanga. Bibi hakuwasahau hata siku moja, na kuwaacha kwenye hesabu ni kumpunguzia. Watajeni pia aliowalea bila kuwazaa; wamekaa pale chini ya turubai wakisikiliza kama majina yao yatasomwa. Msomaji awe mjukuu mwenye sauti inayosikika, na pembeni yake asimame mwingine mwenye nakala ya pili, ili akikabwa na kilio mwenzake aendelee alipoishia.

Hatua ya tano: kilio na utani

Machozi hayana mwongozo, ila watu wayape njia. Dini ya Kiislamu hairuhusu kuomboleza kwa kujipiga na kuchana nguo, lakini machozi yenyewe haijayakataza. Wanaume wasiambiwe "jikaze". Mpe kijana jembe aende kuchimba kaburi, au umpe ndoo, na akirudi akae na wenzake wanaoruhusiana kulia.

Mambo ya utani yanahitaji kulindwa, maana vijana wa mjini wanaanza kuyaonea aibu. Mjukuu na bibi ni watani tangu zamani: bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, na wa kike humwita mke mwenzangu. Kwa hiyo wajukuu wana haki yao msibani. Mmoja akivaa kanga ya bibi, akashika mkongojo wake, akapita ukumbini akiagiza chai kwa sauti yake na kuulizia nani kaacha mlango wa banda la kuku wazi, watu watacheka mpaka machozi yatoke, na machozi hayo yatageuka kilio kabla kicheko hakijaisha. Hakuna hotuba inayomleta bibi karibu namna hiyo. Watani wa kabila nao watakuja, kama Mpare kwa Mchaga, wataziba njia, watadai walipwe. Mweka hazina awe na fedha ndogo ndogo tayari. Mtu mzima mmoja akae karibu na wakwe wasiozoea, awaeleze kinachoendelea. Mipaka ni miwili: ugonjwa wake hauigizwi, na siri zake hazitaniwi.

Watoto wadogo waambiwe ukweli kwa maneno mepesi: bibi amefariki, mwili wake haufanyi kazi tena, hatarudi. Ukisema "amesafiri", mtoto atamsubiri. Ukisema "amelala", ataogopa kulala. Atauliza tena kesho na keshokutwa. Jibu lile lile, kwa upole ule ule.

Hatua ya sita: watu wakiondoka

Turubai likishushwa, nyumba hubaki na watu wawili ambao msiba wao ndiyo kwanza unaanza.

Mmoja ni babu. Mjane ana eda, miezi minne na siku kumi kwa Waislamu, na katika muda huo watu humzunguka. Mgane hana eda. Anavaa kanzu yake, anakwenda msikitini, na kila mtu anadhani yuko sawa. Pangeni zamu kwa maandishi: nani analala pale wiki hii, nani wiki ijayo, mpaka arobaini ipite. Chakula kipikwe mle mle ndani, kisiletwe kwenye hotpoti kutoka kwa majirani kila siku, ili moto wa jikoni usizimike.

Wa pili ni aliyemuuguza, mara nyingi binti mmoja au mjukuu wa kike aliyeacha shughuli zake. Siku yake ilikuwa imepangwa kwa saa za dawa, kugeuza na kuogesha. Sasa mikono haina kazi na usingizi hauji. Usimwambie "sasa umepumzika". Neno hilo linachoma. Mwambie alichokifanya kwa jina lake: ulimwogesha mama, ulimlisha, hakupata vidonda vya kitandani. Mpeni nauli akatembee kwa ndugu, na arudi kwenye kazi yake taratibu.

Huzuni huchukua miezi, na ni kawaida. Mtu asipokula wala kulala kwa majuma, au akisema anataka kumfuata marehemu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani huhesabu zaidi ya miezi sita ya huzuni kali isiyomwacha mtu afanye shughuli zake kuwa ni hali inayohitaji tiba. Kumwona mtaalamu hakuondoi sala wala dua.

Hatua ya saba: kanga na vitu vyake

Kwanza tenganisheni mirathi na kumbukumbu. Nyumba, shamba, dhahabu, fedha za benki na za kwenye simu ni mirathi: kikao cha ukoo kinakaa, kinateua msimamizi, muhtasari unaandikwa na kupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Kwa mirathi ya Kiislamu na ya kimila, familia nyingi huanzia mahakama ya mwanzo. Hata kama mjukuu anajua namba ya siri ya bibi, asitoe hela kwenye simu yake. Na babu asisahauliwe: mume ana fungu lake, robo kwa sheria ya Kiislamu kama marehemu ameacha watoto.

Nguo na vyombo vidogo ni kumbukumbu, kama warithi wote wameridhia, na hivi msiviguse mpaka arobaini ipite. Siku yake ikifika, kaeni wanawake wa familia, sanduku lifunguliwe mbele ya wote. Anayechagua wa kwanza ni aliyemuuguza. Wafuate dada zake, mabinti, wakwe, shoga zake, kisha wajukuu. Kila doti ikitolewa, jina lake, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, lisomwe kwa sauti kabla ya kukabidhiwa. Mtaona wenyewe: kanga moja inakumbusha harusi, nyingine ilinunuliwa kumjibu jirani, nyingine alipewa na mtoto aliyepata mshahara wa kwanza. Piga picha kila moja, andika jina na aliyeichukua. Zinazobaki zitolewe sadaka.

Ya kuhifadhi ifuliwe, ianikwe kivulini, ikauke kabisa, ifungwe kwenye kitambaa cheupe cha pamba. Mfuko wa nailoni hushika unyevu, na kwa hewa ya pwani ukungu utaila. Kila baada ya miezi michache ikunjue, uikunje upya kwenye mistari mingine, maana kitambaa hukatika pale pale kilipokunjwa. Ukitaka kubaki na harufu yake, chagua kitambaa kimoja kisichofuliwa, kikiwa kikavu, ukiweke kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, na usikifungue fungue.

Hatua ya nane: sauti na picha

Jumbe za sauti alizokutumia ni mali kuliko picha. Usizitegemee kubaki ndani ya WhatsApp. Simu huibiwa, huanguka majini, au hujaa mtu akafuta. Zitoe, zihifadhi kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwa ndugu mwingine anayeishi mji tofauti. Kila moja ipe jina linaloeleweka: tarehe, alikuwa anaongea na nani, kuhusu nini. "Bibi anamwuliza mjomba kama mvua imenyesha" litakufaa zaidi kuliko tarakimu. Laini yake nayo isipotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mtu mwingine. Kama kuna jumbe kwenye akaunti yake, zichukueni mapema, kwa ridhaa ya watoto wake.

Picha za zamani zipigwe karibu na dirisha mchana, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Iliyogandana na kioo usiibandue. Ipige juu ya kioo hicho hicho. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kwa sababu wino wa kalamu hupenya. Kisha wapelekee wazee, wataje kila uso. Mara nyingi bibi amesimama pembeni ya picha ya watu wengine, na ni ndugu yake tu anayeweza kusema, "Huyu hapa, mwenye ushungi."

Hatua ya tisa: chakula cha mkono wake

Kina bibi hawakupima. Walipika kwa kiganja, kwa kukadiria kwa jicho, kwa "mpaka utakapoona". Mtafuteni aliyepika naye zaidi, pengine shangazi au mama mdogo, mwombe apike siku moja kama bibi, nawe ukae na mizani, kikombe na daftari.

Tuseme ni mkate wa kumimina. Mchele umelowekwa usiku kucha na unasagwa na tui la nazi, hamira na iliki. Kabla shangazi hajatia sukari kwenye rojo, weka bakuli katikati: mkono wake umimine kwenye bakuli, upime, uandike, ndipo itiwe. Fanya hivyo kwa kila kitu. Mwambie aache pale anapoona rojo limefikia uzito unaotakiwa, uchote kwa kijiko upige picha jinsi linavyodondoka. Andika muda wa kuumuka, na hali ya hewa siku hiyo. Andika moto: mkaa kiasi gani chini, na lini mkaa unapandishwa juu ya mfuniko. Rudia nyumbani kwako ndani ya wiki hiyo, ukiwa bado unakumbuka, na umpelekee shangazi kipande aonje.

Hatua ya kumi: arobaini, hitima na misa

Kwa hitima, msahafu wenye juzuu 30 zilizotenganishwa hurahisisha: wasomaji 30 wakishika juzuu moja moja, hitima inakamilika kwa kikao kimoja. Wapo masheikh wasiokubali kuainisha siku ya arobaini. Kama kwenye ukoo wako wamo wanaofuata rai hiyo, lizungumzeni wiki kadhaa kabla, ndani, msije kubishana mlangoni mbele ya wageni. Dua na sadaka kwa marehemu zinaweza kufanyika siku yoyote. Wakatoliki huomba misa, na Novemba 2 ni siku ya kuwakumbuka marehemu wote. Makanisa mengine hufanya ibada ya shukrani.

Familia ya mchanganyiko ifanye yote mawili kwa siku mbili au asubuhi na jioni, na nyama ichinjwe na Mwislamu ili kila mtu ale bila wasiwasi. Msikope. Bibi aliyeishi kwa kubana matumizi hapendezwi na deni kwa jina lake. Uji, maandazi na kahawa vinatosha watu wakija kwa nia.

Walio mbali

Mjukuu aliyeko Muscat, London au Minnesota, aliyekosa tiketi au karatasi za kusafiria, huumia peke yake, na mara nyingi hukumbukwa fedha zinapohitajika tu. Achaguliwe mtu mmoja wa kumpigia kila jioni na kumweleza yaliyotokea, pamoja na madogo: nani kaja, nani kalia, mvua imenyesha. Mwonesheni mazishi kwa simu kama anataka, na msimlazimishe kama hataki. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, walio wengi pwani, ipo swala ya ghaibu, ya kumswalia marehemu aliye mbali. Mpeni pia kazi halisi kwenye daftari: yeye ndiye aliyeongea na bibi kwa simu muda mrefu zaidi, aandike walichokuwa wakiongea. Na siku atakaporudi, hata ikiwa baada ya miaka, mtu amsindikize kaburini kabla hajapelekwa kula.

Hatua ya mwisho: kaburi na kijitabu

Wiki za kwanza hakikisheni kaburi lina alama inayodumu, hata kama ni jiwe na jina, na mhifadhi mahali lilipo kwenye ramani ya simu. Makaburi ya mjini hubadilika sura haraka, na vibao vya mbao huliwa na mchwa. Kama mtajengea au la ni suala la imani na kauli yake mwenyewe. Uchagani watapanda masale. Wanawake wa Kiislamu ambao kwa desturi hawakufuata jeneza wapangiwe siku yao ya kwenda kuzuru, asubuhi, na mwenye kujua dua. Mtoto wa kike akizaliwa kabla mwaka haujaisha na wazazi wakataka kumpa jina la bibi, somo huyo asomewe wasifu siku ya jina.

Mwaka ukikaribia kutimia, mwenye daftari alipange kuwa kijitabu: majina yake yote, ukoo wake, maisha kwa mpangilio wa matukio, kanga na walionazo, mapishi mawili matatu, picha zenye majina. Kurasa 30 hadi 40 zinachapishika kwenye duka lolote la steshenari na kufungwa kwa pini. Acha kurasa tupu mwishoni. Nakala ya kwanza ipelekwe kwa mkono kwa ndugu yake bibi mkubwa aliye hai, na mjukuu akae amsomee yote, taratibu, kalamu ikiwa mkononi. Atakapokatiza, "Hapana, haikuwa hivyo," simama, uandike pembeni anavyosema yeye, pamoja na tarehe na jina lake, kisha uendelee kusoma.